Saa Tulizokuwa Hatujafundishana

Mwaka ule cheti changu cha ukaguzi wa uchomeleaji kilikuwa kimebakiza miezi saba kufa. Nasema kufa kwa sababu ndivyo tulivyosema karakanani: leseni imekufa, simu imekufa, cheti kimekufa. Kilitolewa na chuo cha ng'ambo, na kila baada ya miaka kadhaa chuo hicho kilidai mambo matatu ndipo kikihuishe: barua ya mwajiri kwamba bado ninakagua, kipimo cha macho, na saa arobaini za masomo mapya. Barua ningeipata. Macho yangu yalikuwa mazima. Saa arobaini ndizo zilizoninyima raha.

Zamani masomo hayo hayakuwa shida. Kulikuwa na wahandisi wa Kihindi na Waingereza waliofundisha jioni mjini. Ulikaa, ukasikiliza, ukanywa chai ya maziwa, ukatiwa sahihi. Kisha Wahindi wakafukuzwa nchini, Waingereza wakaondoka wenyewe mmoja mmoja, na chumba chetu cha masomo kikageuzwa ghala la magunia ya simenti, ambayo nayo hayakukaa sana.

Karakana niliyofanyia kazi ilikuwa eneo la viwanda. Tulitengeneza matangi ya mafuta na boila za viwanda vya chai. Mwenye karakana, Mhindi, alifukuzwa pamoja na wenzake, na mahali pake akawekwa meja wa jeshi, mtu wa sauti ya upole ambaye hakujua kuchomelea wala hakutaka kujua. Kila tangi lilipomalizika aliniletea fomu mwenyewe.

"Mkaguzi, weka sahihi. Lori nangoja."

Nilikuwa na jibu moja tu lililomrudisha ofisini: "Afande, nikitia sahihi kabla ya kukagua, wale wa ng'ambo watafuta cheti changu, na mnunuzi hatalipokea tangi." Aliguna, akaenda. Nilijua siku cheti kitakapokufa sitakuwa na neno la kumwambia mtu yule mwenye bastola kiunoni. Wazo hilo lilinitoa kitini kila nilipokaa. Mke wangu alizoea kuniona nikila nimesimama mlangoni, sahani mkononi, macho njiani.

Tulikaa Namuwongo, mtaa wa Kampala ulio karibu na reli. Mama yangu, aliyenileta Uganda kutoka upande wa Bukavu nikiwa bado mgongoni, aliuza vitenge katika soko la Owino. Nyumbani tulisema Kiswahili chake cha Kongo, kazini kile cha jeshi, ambamo kila mtu "nakuja" na "nangoja", awe mimi, wewe au yeye, barabarani Kiganda. Kiingereza kilikuwa cha fomu.

Na fomu ile ya chuo niliisoma mpaka ikachakaa kwenye mikunjo. Siku moja nikaona kifungu nilichokuwa nikikiruka. Kilisema mtu aweza pia kufundishwa na mkaguzi mwingine mwenye cheti kama chake, mradi mwalimu atie sahihi kwa kila saa na kumbukumbu za somo ziandikwe. Katika Kampala nzima, baada ya wote kuondoka, nilimjua mkaguzi mwingine mmoja tu. Na huyo ndiye niliyekuwa nikimkwepa kwa miaka mitatu.

Alikuwa mtu wa kaskazini, mrefu, mwenye kovu la moto juu ya mkono wa kushoto. Ufundi aliupata katika karakana ya jeshi kabla ya wanajeshi kutwaa nchi, kisha akatoka, akaajiriwa na karakana ya matrela si mbali na kwetu. Siku aliyonikosea, au niliyojikosea mwenyewe, nilikuwa na ubatizo wa mtoto wangu. Tangi lilikuwa limekaa juani, ndani yake ni tanuri. Niliukagua mshono, pale mabamba yalipochomelewa pamoja, kwa nje, nikaugonga kwa nyundo, nikatia sahihi, nikakimbilia kanisani. Mnunuzi alikuwa na wasiwasi wake, akamwita mtu huyu wa kaskazini aliangalie tena. Yeye alivua shati, akaingia ndani na tochi, akatoka ametota jasho. Kulikuwa na ufa ndani, mrefu kama mkono wa mtu. Mbele ya mafundi wangu wote akasema, tena bila kupaza sauti, "Hii mtu natia sahihi kitu hajaona."

Alisema kweli. Ndiyo maana sikumsamehe.

Ilinichukua wiki mbili kwenda kwake. Alipanga chumba na sebule nyuma ya duka huko Kabalagala, akaishi humo na mkewe na watoto watatu. Nilimkuta uani akinoa kisu.

"Wewe nakuja kwangu? Leo jua natoka wapi?"

Nikamwonyesha kile kifungu. Alikisoma taratibu, midomo ikitembea. Kumbe cheti chake kilikuwa kinakufa mwezi mmoja na changu, na yeye alikuwa ameshakata tamaa.

"Basi," alisema, "mimi nafundisha wewe, wewe nafundisha mimi. Lakini saa ni saa. Hapana dakika arobaini naita saa."

Tukaanza. Jumamosi asubuhi kwangu, Jumapili baada ya kanisa kwake. Yeye alijua chuma chenyewe: jinsi ya kupasha moto bamba nene kabla ya kulichomelea ili lisipasuke likipoa, jinsi ya kukipinda kipande cha majaribio mpaka kikiri kosa lake. Mimi nilikuwa nimejifunza kusoma picha za eksirei za mishono, na nilikuwa nazo kwenye bahasha, picha za kufundishia alizoniachia mhandisi mmoja wa Kihindi siku ya kuondoka kwake. Tulifundishana kwa Kiswahili kilichochanganyika, tukaandika kumbukumbu kwa Kiingereza cha kubabaisha. Treni ilipopita nyumba ilitetemeka na yeye aliitazama saa yake, akatoa dakika ile kwenye hesabu.

Sikuwahi kumpenda katika miezi ile. Alikuwa mgumu, hakucheka nilipotaka acheke, na kila nilipofundisha kwa haraka alinyanyua kiganja kama askari wa barabarani. "Pole pole. Rudia." Mimi nilikuwa na haraka siku zote. Mjini watu walikuwa wakitoweka. Magari yasiyo na namba yalisimama mahali, watu wa miwani myeusi wakashuka, na aliyepandishwa hakurudi. Kila wiki nilijiuliza kama Jumamosi itakuja na sisi wote wawili tuko. Lakini nilikuwa nikijiogopea mimi na cheti changu, nakiri hivyo. Kwamba yeye, kwa kabila lake na kwa kuwa aliwahi kulitumikia jeshi la serikali iliyopinduliwa, alikuwa hatarini mara kumi kuliko mimi, nililijua kichwani tu.

Zangu arobaini zilikamilika kwanza, akazitilia sahihi zote. Zake zilibaki tano, kwa sababu malaria ilinilaza Jumamosi mbili.

Jumanne moja, saa za kazi, alikuja getini kwetu. Hakuwahi kuja hapo tangu siku ya lile tangi. Fomu yake alikuwa ameishika mkononi.

"Hizi saa tano. Wewe tia sahihi leo."

"Tutamaliza Jumamosi," nikamwambia.

"Mimi nataka leo."

Mafundi wangu walikuwa nyuma yangu, wameacha kazi kusikiliza. Wawili kati yao walikuwapo siku ile ya ufa. Nikahisi kitu kitamu kinanipanda kooni, na sikukizuia.

"Bwana," nikasema kwa sauti ya kusikika, "mimi sitii sahihi kitu nisichokiona."

Mafundi wakacheka. Yeye hakubadilika uso. Alikunja fomu mara mbili, akaitia mfukoni mwa shati. "Sawa," akasema, akaondoka. Jioni ile nilikula nimekaa, kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nikamsimulia mke wangu, naye akauliza, "Kwa nini alitaka leo?" Nikamwambia sijui, labda uvivu. Alipomaliza kuosha vyombo akauliza tena, "Yule, uvivu?"

Ijumaa mama alikuja kwetu kutoka sokoni na hakuvua hata kitambaa cha kichwa.

"Bibi ya yule rafiki yako alikuja kwangu juzi," alisema. "Alileta vitenge vine, vile alivinunua kwangu mwenyewe. Eti nivinunue tena, nami nikavinunua."

"Labda wana shida."

"Mwanangu, mutu anayerudisha nguo kwa aliyemuuzia haendi kusalimia ndugu. Alikuwa na watoto wote watatu, wamevaa nguo mbili mbili. Nikamuuliza, bwana yako iko wapi? Akasema, amebaki, anangoja karatasi."

Nikasimama. Mama aliendelea. Sokoni walisema kwamba Jumatatu watu wa miwani walifika kwenye ile karakana ya matrela wakiulizia watu wa kaskazini. Wawili walichukuliwa. Yeye alikuwa ametumwa kununua gesi, ndiyo salama yake.

Jumatatu. Na Jumanne alisimama getini kwangu.

"Sasa weye," mama aliuliza, "ulimwambia nini kuhusu hiyo karatasi?"

Mke wangu alinitazama. Nikatoka nje, nikatembea na reli mpaka kwenye ghala, nikarudi, nikaenda tena. Nilitaka kwenda Kabalagala saa ile ile, lakini jua lilikuwa limeshazama, na mtu aliyekutwa njiani gizani hakuwa na wa kumtetea.

Alfajiri ya Jumamosi nikawa nimeshaondoka, nikazunguka mbali kukwepa vizuizi vya askari, nikafika jua limeshapanda. Niliamini nitakuta mlango umevunjwa. Niliukuta umefungwa, nikagonga, nikasema ni mimi. Akafungua. Ndani hakukuwa na kitu: godoro moja, meza, viti viwili, mfuko wa turubai umefungwa kamba. Alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati safi.

Nikaitisha fomu kabla hata ya salamu. "Lete nitie sahihi. Zote tano. Nisamehe, sikujua."

Hakuitoa. "Keti," alisema.

"Hakuna kuketi! Toa karatasi, uende."

"Lori ya ndizi naondoka saa nane na nusu. Dereva ni mtu yangu. Kabla ya hapo hakuna gari mimi naamini." Akavuta kiti. "Wewe Jumanne nasema kweli. Mimi nilikuwa na woga, naomba kitu mbaya. Sasa ni saa tatu. Fundisha."

Nikamwambia ana wazimu. Nikamwambia chuo kiko ng'ambo, hakuna atakayejua. Akanyanyua kile kiganja chake.

"Mimi nitajua. Huko naenda sina nyumba, sina ndugu, sina kitu. Nina hii kazi tu. Wakiniuliza kuhusu picha, nisema nini? Nisema rafiki alitia sahihi?"

Neno rafiki hakuwahi kulitumia.

Kwa bahati, au kwa mazoea tu, nilikuwa nimebeba ile bahasha. Nikatoa picha, nikaziegemeza kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Nikaanza kufundisha. Sijawahi kufundisha vibaya vile. Sikio langu lilikuwa nje. Kila gari lililopunguza mwendo barabarani lilinikata neno katikati, naye akasema, "Endelea, ulikuwa kwenye vitundu vya hewa." Mguu wangu ulikuwa ukigonga sakafu peke yake. Aliinama, akauwekea mkono gotini kama mtu anayetuliza ndama, kisha akaendelea kuandika.

Jambo lililokuwa likimsumbua tangu mwanzo ni mikwaruzo. Picha ya eksirei ikikwaruzwa wakati wa kusafishwa hubaki na mstari mwembamba ambao ni rahisi kuuchukulia kuwa ufa wa chuma. Mara tatu alikuwa ameikataa mishono mizuri mbele yangu kwa sababu ya mstari wa namna hiyo. Nikamwonyesha tena: usiangalie mwanga ukipita tu, iondoe picha dirishani, ilaze, uitazame kwa pembeni. Mkwaruzo utang'aa juu ya ngozi ya picha. Ufa hautang'aa, kwa maana hauko kwenye picha, uko ndani ya chuma. Aliilaza, akaigeuza, akaigeuza tena. Uso wake ukafunguka.

"Kumbe inakaa juu!" alisema. "Hii muda yote mimi nasoma uchafu ya picha!"

Akacheka kwa sauti, na hapo hapo gari likasimama nje.

Mlango wa gari ukafunguka. Viatu vizito vikaja juu ya kokoto. Aliufunika mfuko wa turubai kwa godoro kwa mguu mmoja, bila haraka, na kuniambia, "Endelea kufundisha." Mlango ukagongwa mara mbili, ukasukumwa. Alikuwa koplo kijana, kofia mkononi, shingo inatiririka jasho.

"Hodi humu. Nani iko na maji? Redieta yangu nachemka."

Mwenzangu akainuka, akachukua kibuyu cha maji cha plastiki pembeni. Koplo akawa anatazama dirishani, zile picha nyeusi zenye michirizi myeupe.

"Hii mifupa ya nani?"

"Ya chuma, afande," alijibu. "Chuma pia navunjika. Huyu mwalimu naonyesha mimi wapi navunjika."

Koplo akasogea, akaweka pua karibu na kioo. "Na hii?"

"Hapo ni hewa ilifungiwa ndani."

"Ebo!" Akatikisa kichwa kwa mshangao, akapokea maji, akatoka. Tulisikia boneti ikifunguliwa, mvuke, matusi, kisha kicheko. Alirudisha kibuyu mwenyewe mlangoni na kusema asante. Gari likaondoka.

Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni. Sijui nilifikaje huko.

Alitazama saa yake. "Dakika kumi na mbili," alisema. "Hizo tunatoa."

Tulimaliza saa nane na dakika kumi na mbili. Nikatia sahihi mara tano. Alinishika mkono, akanipa kisu chake kile cha uani kwa kuwa hakutaka kupekuliwa nacho, akabeba mfuko, akapita kichochoro cha nyuma. Mimi nilipita mbele, kama mgeni aliyekuja kusalimu. Sikukutana na yeyote. Nilipofika kwetu nilishindwa kuingia ndani. Nikazunguka nyumba mpaka mke wangu akanishika shati.

Kuhusu cheti changu: posta barua zilikuwa zikifunguliwa, kwa hiyo bahasha ilikwenda Nairobi na jamaa wa mama, mfanyabiashara wa vitenge, ndipo ikapostiwa huko. Chuo kikajibu kwamba kimeona wakaguzi wawili wametiliana sahihi wao kwa wao, na kinataka kumbukumbu za masomo. Nikaketi wiki mbili nikinakili daftari zima kwa Kiingereza safi kadiri nilivyoweza. Katikati ya hayo cheti cha zamani kikafa. Meja alijua, sijui nani alimwambia. Akaja na fomu, akaiweka juu ya bamba mbele yangu, akanipa kalamu yake. Matangi mawili niliyatilia sahihi mwezi ule bila kuingia ndani. Sikusikia kwamba yalipasuka. Sikusikia pia kwamba hayakupasuka. Mpaka leo nikiona lori la mafuta kuukuu barabarani, natafuta mshono wake kwa macho.

Cheti kipya kilifika baada ya karibu mwaka. Wakati huo mabamba ya chuma yalikuwa yameadimika, vijiti vya kuchomelea havikuonekana, na mafundi wetu walikuwa wakitengeneza vitanda na majiko ya mkaa. Nilikitundika ukutani, nikakagua vitanda.

Habari zake nilizipata kwa yule yule jamaa wa vitenge: yuko Kenya, mzima, na ametuma salamu kwamba mimi ni mwalimu mbaya, nasema haraka mno. Mke wangu alicheka mpaka akalia. Tukaonana tena miaka mingi baadaye, utawala ule ukiwa umeshaanguka, nilipotumwa Nakuru kwa kazi. Alikuwa ameota mvi na magoti yalikuwa yamemshinda. Tulikaa sebuleni kwake tukizungumza juu ya magoti, boila na bei ya mahindi, na kila nilipotaka kufika kwenye lile neno la getini, niliona aibu.

Mkewe ndiye aliyelifikia. Alileta chai, akasimama na birika mkononi.

"Wewe ndiye yule wa karatasi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikaa mpakani na watoto siku nne. Watu wote naniambia, amekufa, enda mbele. Mtoto ya mwisho nalia baba. Mimi nilikuwa nimeshaanza kulia msiba. Kumbe yeye naketi Kampala, nasoma."

"Mama, kosa lilikuwa langu," nikasema. "Alikuja kwangu Jumanne. Mimi ndiye niliyekataa."

Akamgeukia mumewe. "Hiyo hukuniambia."

Kwa miaka yote ile hakuwa amemwambia. Alikuwa amebeba lawama peke yake ndani ya nyumba yake. Alikuna kovu lake la mkono, akatazama chini. "Hata kama angetia sahihi," alimwambia mkewe, "lori ilikuwa ya Jumamosi."

Sijui kama ilikuwa kweli. Nilimtazama usoni nikitafuta, kama nilivyofundishwa kutafuta, na sikuona kitu.

Mama yule alinimiminia chai. Aliijaza hadi ukingoni, akasukuma sukari upande wangu, kisha akaketi kati yetu na kuniuliza kama mama yangu bado yuko hai, na kama bado anauza vitenge.

"Yuko hai," nikamwambia. "Bado anauza."

"Mwambie," alisema, "vile vine, nilivililia."